Nakaa kwenye kigoda kutwa, kilo 94, sukari 6.4. Wenzangu wa sokoni mnafanyaje?

MuuzaNazi · Jumatano, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mie ni mama wa miaka 43, nauza nazi na viungo kwenye soko moja hapa Tanga mjini. Silitaji, wasije wakanijua. Mwaka wa kumi na nne huu niko meza ile ile. Naandika kwa simu ya binti yangu, yangu kioo kimepasuka, nikikosea herufi mtanisamehe.

Nianze na dera. Dera ni nguo ya uongo jamani. Halibani, halina kiuno, ukiongezeka kilo kumi halikwambii kitu. Mie nimeshinda ndani ya madera miaka yote hii nikijiona niko sawa, mpaka mwezi uliopita tulipokata sare ya harusi ya mtoto wa dada yangu. Fundi akanizungushia tepu kiunoni, akanyamaza. Akazungusha tena. "Mama, inchi arobaini na nne," sauti ya chini kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Daftari lake ni lile lile, akafunua nyuma kunionyesha: harusi ya 2016 nilikuwa inchi 36. Kitambaa hakikutosha, nikaambiwa niongeze nusu mita. Nikaongeza, nikacheka pale na wenzangu, usiku usingizi haukuja.

Wiki ile ile goti la kulia likakataa ngazi. Nikaenda zahanati moja. Uzito kilo 94, urefu sentimita 158, presha 148 kwa 94. Wakaniambia nirudi kesho asubuhi bila kula, sukari ikasoma 6.4. Kijana aliyenipima kaandika kwenye kidaftari, kasema "mama punguza kula, ufanye mazoezi," kaita mwingine. Basi. Hakuniuliza nakula nini wala nashinda wapi.

Na hilo neno mazoezi ndilo lililoniudhi. Mie naamka saa kumi alfajiri, narudi nyumbani saa moja usiku, halafu nifanye mazoezi? Siku zote nilijua mtu wa sokoni ndiye mwenye kazi ngumu, anayekaa ni wifi yangu wa ofisini. Binti yangu akasema mama tusibishane, kesho beba simu yangu, inahesabu hatua. Nikaitia kwenye mkoba wa kiunoni, ule wa chenji. Ilikuwa siku ya gari la nazi kutoka Pangani, siku ya heka heka haswa. Jioni tukafungua: hatua 2,870. Yeye siku ile aliyoenda nayo chuoni alipata zaidi ya 9,000.

Nilikaa nikaifikiria siku yangu upya. Magunia wanashusha wapagazi. Kufua nazi anafua kijana, ana kifuo chake pale nyuma, namlipa kwa idadi. Kukuna, zamani nilikuwa nakalia mbuzi nakuna mwenyewe mpaka jioni bega linawaka moto, sasa kuna mashine, nabonyeza swichi. Kwenda na kurudi ni bodaboda. Kazi iliyobaki ni kukaa kwenye kigoda, kuhesabu chenji na kufukuza nzi. Uchovu ninao kweli, lakini ni uchovu wa kukaa.

Chakula nawaandikia kama kilivyo, msinicheke. Saa kumi na moja alfajiri chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, bila kitafunwa. Saa tatu anapita mama wa vitumbua na beseni lake, vinne pamoja na chai ya maziwa, sukari anatia yeye na ana mkono mzito. Saa tano soda. Saa saba mama lishe analeta wali wa nazi, maharage ya nazi, na samaki wa kukaanga, sahani imejaa mpaka imefunikwa na sahani nyingine. Saa kumi kachori au mihogo ya kukaanga, maana soko limepoa na mdomo unatafuta kazi. Saa tatu usiku ndio tunakula nyumbani sote, ugali na mchuzi wa nazi. Saa tatu na nusu nimelala.

Maji sinywi. Nasema ukweli. Choo kiko mbali na meza yangu, kila ukiingia ni shilingi 200, na ukiondoka lazima umwachie mtu meza. Nikinywa lita ya maji ni safari nne, shilingi 800, na wateja sijui wangapi. Kiu ikinizidi ndio ile soda, naipiga mafundo kidogo kidogo hadi saa nane.

Sasa naomba mnisaidie. Mtu wa kukaa kama mie anaanzia wapi bila kufunga meza? Na jambo la pili ambalo naona haya hata kuliandika: nikikonda, watasema nini? Kuna mwenzetu alipungua mwaka juzi, soko zima lilimzika akiwa hai.

---

Kijana_wa_Duga · Jumatano, saa 3:40 usiku

Mama jibu ni rahisi. Amka saa kumi, piga jogging mpaka Raskazone na kurudi, ndani ya mwezi mmoja kitambi hakuna. Ni nidhamu tu.

---

MuuzaNazi · Jumatano, saa 3:52 usiku

Mwanangu, saa kumi mie nachemsha chai ya wanaokwenda shule. Na goti hili likinikatikia njiani Raskazone, utakuja kunibeba wewe?

---

TibaAsili_Haraka · Jumatano, saa 4:10 usiku

Habari mama. Tuna unga wa mitishamba, siku 14 unatoa kilo 12 bila diet bila mazoezi. Unasafisha na kizazi. Elfu 45 tu, mikoani tunatuma.

---

Nesi_Mstaafu · Alhamisi, saa 1 asubuhi

Huyo wa unga wa kilo kumi na mbili msimjibu. Dawa isiyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya serikali, haijulikani ndani ina nini, na mama huyu ana presha iliyopanda. Vitu vingi vya kukondesha haraka ni vya kuharisha na kukojoza: mizani inashuka kwa sababu maji yametoka, mafuta yako pale pale.

Mama Nazi, habari za asubuhi. Nimefanya kazi ya wodini na kliniki miaka 31, nusu yake hapa hapa Tanga. Namba zako nitakueleza kama ambavyo yule kijana angepaswa kukueleza, ila foleni zao nazijua, nisimlaumu sana.

Kilo 94 gawanya kwa 1.58, kisha gawanya tena kwa 1.58, unapata 37.7 hivi. Hiyo ndiyo hesabu ya BMI, uzito ukilinganishwa na urefu. Ikifika 25 ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Mie lakini tepu ya fundi wako naiamini kuliko mizani, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayochokoza sukari na presha. Kwa mwanamke, kiuno kikivuka sentimita 88, yaani kama inchi 35, hatari imeshakuwa kubwa. Inchi 44 ni sentimita 112.

Sukari 6.4 bila kula bado si kisukari. Kisukari huanzia 7.0, na huwa tunarudia kipimo kabla ya kumpa mtu jina hilo. Wewe uko kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, na mtu wa hapo anaweza kurudi nje. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, waliwachukua watu zaidi ya 3,000 wa kizingitini kama wewe. Kundi moja likaambiwa lipunguze asilimia 7 ya uzito na litembee dakika 150 kwa wiki. Waliopata kisukari kwenye kundi hilo walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, kwa kundi jingine, vilipunguza asilimia 31 tu. Asilimia 7 yako ni kilo sita na nusu. Hakuna anayekudai urudi kilo 60.

Presha hiyo ipimwe tena siku nyingine, ukiwa umetulia, umekaa dakika tano, hujanywa chai. Ikirudi 140 kwa 90 au zaidi, usikae nayo nyumbani ukisubiri kukonda kwanza, muone daktari.

Sukari ya kwenye vikombe nimeihesabu. Vijiko vitatu alfajiri, tuseme vitatu vya huyo mwenye mkono mzito, na soda ya mililita 350 ina gramu kama 37, vijiko tisa. Kumi na tano. Shirika la Afya Duniani linasema ikiwezekana mtu asizidi vijiko sita vya sukari ya kuongeza kwa siku nzima. Na hapo hujagusa kitumbua.

Nina swali moja kabla sijaendelea. Umeandika milo. Sasa niambie, katikati ya milo mkono wako unagusa nini? Mtu wa karanga hula karanga, mtu wa maembe hula maembe.

---

MuuzaNazi · Alhamisi, saa 2 usiku

Nesi umenikamata. Nimesoma swali lako mchana nikiwa na kipande mdomoni.

Kijana akifua, kuna nazi zinapasuka. Iliyopasuka haiuziki nzima, na mashineni siipeleki yote kwa sababu nyingine inakaa inachacha. Basi nakata vipande kwa kisu, nakitafuna kimoja, nampa jirani kimoja, natafuna tena. Baada ya hapo nilijizuia kula, nikawa natupia kwenye bakuli kila kipande ambacho ningekula. Saa tisa bakuli lina nusu nazi na ushei. Miaka kumi na nne. Wallahi sikuwahi kukiita chakula.

---

Nesi_Mstaafu · Alhamisi, saa 2:30 usiku

Nyama ya nazi gramu 100 ina kalori kama 350, karibu zote mafuta. Nusu nazi ina gramu kama 200. Ni sahani nzima ya wali, mama, uliyokula ukiwa unachambua chenji. Kabla hujamnyima mtu yeyote chakula chake, anza na bakuli hilo.

---

Bi_Pweza · Ijumaa, saa 11 jioni

Marahaba mwanangu Mama Nazi. Mie nna miaka 58, samaki nimeuza soko la Deep Sea tangu kabla hujavunja ungo pengine. Nilikuwa kilo 101, sasa 86, imenichukua miaka miwili na miezi. Sikunywa unga wa mtu.

Sikiliza. Sie watoto wa Tanga tumekua juu ya baiskeli. Mama zetu walikuwa wakipanda na makhanga yao, mmoja kiunoni mmoja kichwani, kapu nyuma, wanakwenda shamba, wanakwenda arusini. Mie nilipanda mpaka nilipofika miaka arobaini. Biashara ikakubali, nikaanza kuita bodaboda. Alfajiri bodaboda, jioni bodaboda, hata dukani kwa mpemba nyuma ya nyumba namtuma mtoto. Ilinijaza pesa hiyo, si mchuzi. Mchuzi nilikula tangu utotoni na nilikuwa mwembamba kama ng'onda.

Daktari aliponitisha nikaitoa ile baiskeli stoo, kutu tupu, fundi kanitoza elfu 28. Siku ya kwanza vijana wa kijiweni walinipigia makofi. Siku ya pili wakapiga tena. Ya tatu hawakuniona. Nikianguka najua sitaanguka mbali. Nakwenda nayo sokoni na kurudi, dakika ishirini na kitu kwenda, na ishirini na kitu kurudi, siku sita. Goti lako halitaki kukimbia, lakini baiskeli hailibebeshi mwili, tandiko ndilo linalobeba. Kiti kiinue juu kidogo, mguu unyooke, usikanyage umejikunja.

Kuhusu maneno ya watu, wee acha tu. Nilipofika kilo 90 mteja wangu wa siku nyingi kaja, kanivuta pembeni, kanikunjia elfu tano mkononi. "Dada, Mungu ndiye mganga." Nimeipokea! Ningefanyaje? Mwingine akasambaza kwamba nimerogwa na wenzangu wa samaki. Nilichofanya, nilianza kusema mie mwenyewe kabla hawajauliza. Mtu akifika tu mezani: "Umeniona? Sukari ilitaka kunitembelea, nimeifungia mlango, napanda baiskeli." Nasema kwa sauti, kama ninavyonadi samaki changu. Neno likishasemwa kwa sauti, watu hawana cha kunong'ona. Wanawake wawili wakaja baadaye kuniuliza kwa siri nilianzaje.

---

Mume_wa_Mtu · Ijumaa, saa 2 usiku

Na sisi tunaopenda wake zetu wakiwa na mwili, tumwambie nani? Mwanamke wa pwani ni shepu. Mkikonda wote mtafanana na Waingereza.

---

Bi_Pweza · Ijumaa, saa 2:15 usiku

Mwanangu, ulipenda mwili, goti utalikanda wewe?

---

Mitumba_Makorora · Jumamosi, saa 5 asubuhi

Mimi sina uzito wa kutisha ila mama yangu alikatwa mguu kwa kisukari, kwa hiyo mada hii siwezi kupita kimya.

Nauza mitumba ya watoto. Mwaka jana nilifanya kitu kimoja cha kijinga kikanisaidia: niliinua meza. Nilipata matofali manane, mawili kila mguu, meza ikafika kiunoni. Sasa nikikaa kwenye stuli siuoni mzigo, mteja haoni mtu, kwa hiyo nasimama, napanga, nazunguka upande wa pili kumwonyesha mtu gauni. Stuli nimeibakiza lakini nimeiweka mbali, niifuate.

Nisikudanganye, wiki mbili za mwanzo miguu ilivimba nikataka kuyatoa matofali. Kusimama kutwa bila kujongea nako kuna adhabu yake. Siku hizi nasimama kama saa moja, nakaa kidogo, natembea mpaka kwa jirani kuomba chenji hata kama chenji ninayo. Na mauzo yamepanda kidogo, sijui kwa nini. Nadhani mtu aliyesimama anaonekana yuko kazini.

Kuhusu choo: na sisi kwetu ni hivyo hivyo kulipia. Tulikwenda wanawake sita kwa yule anayekusanya, tukamwambia tunalipa kwa wiki kwa jumla, yeye apate uhakika sisi tupate nafuu. Akakubali kwa sababu hela ya mkupuo anaipenda. Na ile ya kuachiana meza tumepangana wawili wawili. Jaribu.

Na soda nayo unakojoa tu, dada. Unajilipisha mara mbili.

---

Nesi_Mstaafu · Jumamosi, saa 10 jioni

Makorora, pole kwa mama.

Mama Nazi, wenzio wameshakujibu sehemu kubwa, mie naongeza la jikoni kwa sababu wewe unauza nazi na sitaki uone nakuharibia biashara. Tui si adui. Unajua mwenyewe tui la kwanza na tui la pili. Pwani wengi tunatia yote mawili kwenye wali, na kwenye maharage, na kwenye mchuzi, sahani moja inakuwa na nazi tatu juu yake. Chagua kimoja. Wali ukiwa wa nazi, maharage yawe ya kuchemsha na kitunguu. Mchuzi ukiwa wa tui zito, ugali wake uwe mdogo. Mama lishe mwambie kabla hajapakua, siyo baada, kwa sababu sahani ikishajaa hakuna mtu wa sokoni anayerudisha chakula alicholipia, hata mie sirudishi. Sema: wali nusu, mchicha na matembele mara mbili, samaki wa kuchoma kama yupo. Bei ile ile mpe, asikuone mkorofi.

Samaki wa chumvi, ng'onda na vile vidonge vya mchuzi, shika mkono kidogo kwa ajili ya presha. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ndicho kiasi cha siku nzima, pamoja na iliyojificha kwenye mkate na kachori.

Dakika 150 usizione nyingi. Ni nusu saa siku tano, na huna haja ya kuimaliza kwa mkupuo. Ukienda sokoni kwa mguu alfajiri umeshaipata, mwendo ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa giza la saa kumi na moja usiende peke yako na pesa.

Hili liko mbali na meza yako lakini linanikera. Kwenye takwimu za kitaifa za wanawake wa miaka 15 hadi 49, wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafika 28 utafiti wa 2015 na 2016. Kliniki zetu mimi nimezikuta zimejengwa kwa ajili ya mtoto aliyekonda na mama mwenye malaria. Mama mnene akiingia, tunamwona ana afya. Mpaka anaanguka.

---

MuuzaNazi · Jumapili, wiki ya sita

Nimerudi. Nilisema sitaandika mpaka niwe na la kuandika.

Bakuli la nazi ndilo nililoanza nalo, kama alivyosema Nesi. Kijana wa kufua sasa zilizopasuka anazitia kwenye ndoo yake, jioni namuuzia mama mmoja wa kashata kwa bei ya hasara. Hasara gani, ilikuwa inaishia kiunoni kwangu! Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kutafuta kipande, nikawa nashika karafuu natafuna, mate yakinijaa naendelea kuhesabu.

Alfajiri tunatembea watatu. Mimi, muuza ndizi na mama wa mboga za Lushoto, wote tunakaa Mabawa. Pesa tunazifunga kifuani, bakora anashika mama wa mboga, yeye ni Msambaa, milima kwake ni kama veranda. Mwanzo nilikuwa nawaambia "tangulieni", natweta kama nimepanda Usambara yote. Nusu saa ile ilinichukua dakika hamsini. Sasa thelathini na tano. Jioni bado nachukua bodaboda, hilo sitalidanganya, giza na pesa siviwezi.

Meza nimeinua tofali moja tu, mbili zilinishinda. Choo tumeongea naye, alikataa mara ya kwanza, mara ya pili tukaenda na mwenyekiti wetu wa kikoba, akakubali elfu mbili kwa wiki kila mtu. Maji nabeba kutoka nyumbani, chupa ya lita moja na nusu, nikirudi ina maji kidogo chini.

Sukari ya chai imenishinda kuitoa yote. Nimefika kijiko kimoja na robo. Soda ni Ijumaa tu. Mama wa vitumbua alinuna wiki nzima kwa sababu nachukua viwili, akaniuliza kama kuna mwenzake kamtangulia. Nikamwambia kwa sauti, kama Bi Pweza: sukari ilitaka kunitembelea. Akashika kifua, akaniambia hata yeye hajapima mwaka wa tatu. Jumanne iliyopita tumekwenda naye pamoja.

Kilo 91 na nusu. Presha 138 kwa 88. Sukari wameniambia nirudie baada ya miezi mitatu. Hatua siku ya juzi 7,340, binti akapiga picha kioo akatuma kwa mashangazi wote. Kiuno sijui, naogopa tepu kuliko mizani, fundi nitamwendea mwezi ujao. Siku ya kikoba nilikula pilau sahani mbili na kachumbari, na sambusa tano, na sijuti, pilau ya yule dada hailiwi moja.

Sasa kinachonitia hofu ni Ramadhani, haiko mbali. Futari ya kwetu mnaijua: mihogo ya nazi, magimbi ya nazi, tambi za sukari, kalimati, uji. Halafu daku. Na kutembea alfajiri nikiwa nimefunga sijui kama mwili utakubali. Bi Pweza, wewe ulipitaje?

---

Bi_Pweza · Jumapili, saa 4 usiku

Hongera sana mwanangu, na mama wa vitumbua mpe salamu.

Ramadhani ya kwanza niliongezeka kilo mbili, usidhani nilikuwa hodari. Ya pili nikajua. Nafuturu kwa tende tatu na uji wa pilipili manga, sukari kidogo tu, nakwenda kuswali magharibi kabla sijaona sinia. Nikirudi njaa imeshakuwa na adabu. Nakula muhogo mmoja, samaki, mboga. Tambi napika kwa ajili ya wajukuu na naonja chumvi yake, basi. Baiskeli sipandi mchana wala alfajiri, napanda baada ya tarawehe, njia ina watu na taa, tunazunguka mpaka Chumbageni na mabinti zangu. Daku ndiyo usiiache, na maji unywe kati ya futari na daku, usiyalundike yote saa kumi.

Muulize na Nesi kuhusu vidonge, kama wamekuandikia vyovyote. Hivyo mimi sivijui.